Chupa ya Asali na Bei ya Picha Yake

Wapiga picha wa bidhaa wanakiheshimu kioo, na asali ndani ya kioo wanaiheshimu zaidi. Huyu ninayemtazama kazini, katika studio ndogo ya Sinza, Dar es Salaam, ameletewa katoni nzima ya asali ya Tabora ili itoke picha moja. Kamera bado iko mkobani. Anatoa chupa moja moja, anaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, anatafuta kioo kisicho na mkwaruzo na kifuniko kisichobonyea. Nyingi anazirudisha katonini. Iliyopita mtihani ina kasoro moja: asali imeanza kuganda chini. Anaikalisha kwenye maji ya uvuguvugu mpaka chembe ziyeyuke na mapovu yapande yapotee. Kisha anaikausha, anavaa glavu za pamba, anabandika lebo mpya aliyoomba iletwe kando, akiipima kwa rula kulia na kushoto. Mwisho anapitisha brashi laini na kupuliza vumbi kwa pampu ya mpira.

Sasa kamera inafungwa kwenye stendi ya miguu mitatu. Waya unaiunganisha na kompyuta, ili kila picha ifunguke papo hapo kwenye skrini kubwa. Taa hazielekezwi kwenye chupa. Kioo hurudisha mwanga kwa pembe ileile uliyojia, kwa hiyo taa iliyo wazi ingeacha doa jeupe katikati ya chupa, na hata shati la mpiga picha lingeonekana. Ndiyo maana amevaa nyeusi. Anatundika karatasi pana inayopitisha mwanga nusu, taa anaiweka nyuma yake, anaisogeza na kuirudisha mpaka weupe ufifie polepole ubavuni mwa chupa.

Kingo za chupa, hata hivyo, zinapotelea kwenye mandhari nyeupe. Anasimamisha vipande viwili vya kadi nyeusi, kimoja kila upande, nje kidogo ya fremu. Weusi wao unaingia kwenye kioo na kuchora mistari miwili myembamba kuanzia begani hadi kitakoni. Mstari wa kushoto ni mnene kuliko wa kulia. Anaisogeza kadi nusu kidole, anapiga, anatazama, anaisogeza tena. Halalamiki, wala haharakishi.

Kazi iliyobaki ni asali yenyewe. Ikimulikwa kwa mbele tu, inaonekana nyeusi kama oili chafu. Anakata kadi yenye karatasi ya fedha kwa umbo la chupa, ndogo kidogo kuliko chupa, anaificha nyuma na kuilaza kiasi ili idake mwanga na kuupitisha ndani ya asali. Ukingo wa kadi unachungulia. Anaupunguza kwa mkasi. Unachungulia tena, anaupunguza tena. Kisha rangi inawaka, kahawia yenye wekundu, kutoka shingoni hadi chini.

Anaweka kadi ya kijivu mbele ya chupa, anapiga picha ya kusawazishia rangi, anaiondoa. Kwa kuwa lenzi iko karibu mno, haiwezi kuonyesha kwa ukali lebo na kifuniko kwa pamoja. Anapiga picha kadhaa, kila moja akihamisha fokasi kidogo, ili aje aziunganishe. Kila picha inachukua sehemu 1 kati ya 125 ya sekunde.

Kwenye kompyuta anaunganisha, anakuza, anafuta punje za vumbi ambazo brashi haikuzifikia. Rangi ya asali haiongezi, maana mnunuzi atakuja kufungua chupa hiyohiyo. Anahifadhi nakala ya skrini na nakala ya kuchapishia, kwa sababu wino hautoi rangi kama skrini.

“Kaka, picha moja tu, mbona bei hivi?” anauliza mwenye asali. “Mama, picha ni moja, kazi ni nyingi,” anajibu, na kumwonyesha profoma mstari kwa mstari: maandalizi, upangaji wa taa, upigaji, uhariri, na ruhusa ya matumizi. Mstari wa mwisho una uzito wake. Picha ni miongoni mwa kazi zinazolindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na picha ya ukurasa wa Instagram kwa mwaka mmoja haiuzwi bei moja na ya bango la barabarani.

Baada ya kutazama hatua zote hizi, naona bei inafuata mpangilio wa taa kuliko idadi ya mibofyo. Chupa kumi za umbo moja zitapita chini ya taa zilezile na kadi zilezile, na gharama ya kila moja itashuka. Chupa ya umbo jingine inadai kadi ikatwe upya. Mwenye biashara anayetaka kuokoa fedha alete bidhaa za umbo moja siku moja, aje na lebo za akiba, na aamue mapema picha itatumika wapi. Akipunguza hapo, saa za mkasi na kadi zitabaki salama, na hizo ndizo zilizoipa asali yake rangi.