Shannon: kituo cha mafuta kilivyogeuka mji wa viwanda

Oktoba 1958 ndege za jeti zilianza kuvusha abiria bahari ya Atlantiki. Kwa uwanja wa ndege wa Shannon, magharibi mwa Ireland, habari hiyo ilikuwa kama hukumu. Uwanja ule uliishi kwa ndege za pangaboi ambazo hazikuweza kufika Marekani bila kutua kujaza mafuta. Jeti zingepita juu kwa juu.

Brendan O'Regan, aliyefungua hapo mwaka 1947 duka la kwanza duniani la uwanja wa ndege lisilotoza ushuru, alijiuliza: mafuta yasipohitajika, ndege itue kufuata nini? Akaona ni mzigo, na mzigo huo utengenezwe palepale.

Mwaka 1959 kampuni ya umma ya maendeleo ikaanza kutekeleza wazo hilo. Malighafi ziliingia bila ushuru, na faida ya mauzo ya nje haikukatwa kodi. Wengi husifu msamaha huo. Mimi nauona kuwa sehemu rahisi kuliko zote, kwa sababu jirani yeyote anaweza kuuiga kwa kupitisha sheria moja. Kazi ngumu ilikuwa kuweka ardhi, majengo na utafutaji wa wawekezaji mikononi mwa chombo kimoja. Kampuni ilijenga mabanda ya viwanda kabla wapangaji hawajapatikana, na mgeni aliyefika hakuzungushwa ofisi kwa ofisi. Bidhaa nazo zililingana na usafiri. De Beers ilitengeneza hapo almasi za viwandani, mzigo mdogo ambao thamani yake hulipa nauli ya ndege bila shida.

Tatizo likawa makazi. Wafanyakazi walitoka Limerick na Ennis kila asubuhi, hivyo miaka ya 1960 kampuni ileile ikajenga mji mpya kando ya uwanja. Mwaka 1968 ikakabidhiwa kuendeleza viwanda vya ukanda mzima: Limerick, Clare na kaskazini mwa Tipperary. Hatua hii naithamini kuliko zote, maana uzio wa eneo lisilotozwa ushuru peke yake hauendelezi mkoa. Mwaka 1972 chuo cha elimu ya juu, ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Limerick, kilipokea wanafunzi wake wa kwanza. Mwaka 1975 ikazaliwa Shannon kampuni ya kukodisha ndege, Guinness Peat Aviation, na biashara hiyo ipo mjini hapo hadi leo.

Jiang Zemin, aliyekuja kuwa rais wa China, alifika Shannon kujifunza mwaka 1980, mwaka ambao nchi yake ilianzisha eneo maalumu la Shenzhen. Kenya nayo ilitunga sheria yake ya maeneo ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje mwaka 1990, na Athi River, mwendo mfupi kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta, ikapata viwanda ndani ya uzio.

Ombi langu kwa wapanga mipango wetu wanaokwenda Shannon: mkishasoma sheria ya kodi, ombeni pia mkataba wa kupangisha banda na ramani ya mji wa wafanyakazi.