R iko wapi? Skripti zetu zinabahatisha

Skripti nyingi za .bat tunazorithishana maabara zina mstari mmoja unaonikera: njia ya R imeandikwa moja kwa moja, C:\Program Files\R\R-3.5.1\bin na kuendelea. Kwa aliyeiandika ilifanya kazi. Kwako folda hiyo haipo, inagoma. Hapo bado una bahati, maana angalau umeona kosa.

Balaa ni pale folda ya zamani bado ipo. Toleo la R 3.6.0, mwaka 2019, lilibadilisha jinsi sample() inavyochagua namba. Yaani set.seed ileile, data ileile, sampuli tofauti, na hakuna onyo lolote. Mwenzako atarudia uchambuzi wako mpaka achoke.

Basi watu wanatafuta dawa. Wengine hutumia amri ya where, lakini hiyo inaangalia folda uliyopo na zile zilizo kwenye PATH tu, na R ikisakinishwa kwenye Windows haijiweki humo. Wengine hukimbilia wmic product. Hii ndiyo naipinga kabisa. Inaorodhesha programu zilizosakinishwa kwa Windows Installer pekee, na R haitumii hiyo, kwa hiyo hutaiona. Tena inapoorodhesha hukagua kila programu na inaweza kuanza kuirekebisha. Umeuliza swali tu, mashine inaanza ukarabati! Na wmic yenyewe Microsoft wanaiondoa.

Jibu liko kwenye rejistri, ambako kisakinishi cha R huacha anwani yake:

for /f "tokens=2,*" %%a in ('reg query HKLM\SOFTWARE\R-core\R /v InstallPath') do set "RHOME=%%b"

Ile nyota ndiyo inayookoa njia yenye nafasi, kama "Program Files". Kama R ilisakinishwa bila ruhusa za msimamizi, angalia HKCU badala ya HKLM. Kwa programu nyingine kuna ufunguo wa Uninstall wenye InstallLocation, ila wasakinishaji wengi huiacha tupu, kwa hiyo usiiamini kichwa kichwa.

Hata hivyo rejistri inakupa toleo moja, si lazima lile ulilotumia kwenye tasnifu. Mstari unaofuata uwe "%RHOME%\bin\Rscript.exe" --version, na jibu lake liandikwe kwenye faili lilelile la matokeo.