Kwa Nini Sinema za Katuni Zimekuwa Nyingi Hivi?

Wazazi wengi wanauliza: sinema hizi za picha zilizochorwa zimetoka wapi, hata zijae katika kila televisheni na kila simu? Wengine wanajibu upesi: watoto wanazipenda. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Watoto walizipenda tangu zamani, nazo zilikuwa chache.

Zilikuwa chache kwa sababu ya ugumu wa kazi. Sinema inapitisha picha 24 kwa kila sekunde. Snow White, filimu ya Walt Disney ya mwaka wa 1937, inapita dakika 80. Ukifanya hesabu, picha zaidi ya 100,000 zinapita mbele ya macho, na mamia ya watu walizichora kwa mkono. Nani angeweza kulipa kazi ya namna hiyo kila mwezi? Mwaka wa 1995 ikatoka Toy Story, filimu ndefu ya kwanza iliyotengenezwa yote kwa kompyuta. Gharama haikuisha, filimu kubwa zinakula bado mamilioni ya dola. Lakini mti au nyumba iliyokwisha kutengenezwa mara moja yaweza kutumiwa tena, na kutazamwa kutoka kila upande, bila kuchorwa upya.

Tena kuna faida ambayo wafanya biashara waliiona mapema. Mchezaji wa kweli anazeeka, anadai mshahara zaidi. Simba wa kuchorwa hazeeki. Mdomo wake waweza kusema Kifaransa, Kichina au Kizulu, wala mtazamaji hashangai. Sanamu yake inauzwa juu ya mifuko ya shule na mashati. Mtoto naye hachoki: hadithi aliyoiona jana anaitaka leo tena, na kesho.

Hapo ndipo sisi twaona tabu. The Lion King, ya mwaka wa 1994, ilichukua majina katika lugha yetu: Simba, Rafiki, Pumbaa. Twasema wazi kwamba picha zake ni nzuri, na kifo cha yule baba simba kimewaliza hata watu wazima. Lakini maneno tu ndiyo yetu. Hadithi si yetu. Hata maneno yenyewe, hakuna matata, yaliandikishwa huko Marekani mwaka wa 2003 kuwa alama ya biashara ya Disney, ya kuuzia mashati!

Lakini wanaosema katuni ni mambo ya wageni tu, hawajui habari za Kongo. Katika miaka ya 1950 Padri Alexandre Van den Heuvel, mmisionari wa Scheut, alitengeneza katuni za Mboloko, yule paa mdogo mwenye akili wa hadithi za wazee. Ilikuwa kazi ya Mzungu wakati wa ukoloni, tusisahau. Lakini aliona sawasawa kwamba hadithi ya wanyama inafaa kuchorwa kuliko kuchezwa na watu. Baadaye Mkongo, Jean-Michel Kibushi, akaanzisha studio yake, Malembe Maa, jina lenye maana ya kwenda polepole. Mwaka wa 1991 akatoa Le Crapaud chez ses beaux-parents, yaani chura kwa wakwe zake, hadithi ya Watetela. Ni ya dakika chache tu, nasi twaipenda kuliko nyingi zilizo ndefu. Mtoto wa Kongo hana haja ya kuelezwa kwa nini safari ya kwenda kwa wakwe ni jambo la kutetemesha.

Basi kwa nini za namna hiyo ni haba? Desturi yetu ni kujibu: vyombo ni ghali. Flow, filimu ya mwaka wa 2024, ilitoka Latvia, nchi yenye watu wasiofika milioni mbili. Gints Zilbalodis na wenzake waliitengeneza kwa programu iitwayo Blender, na mwaka wa 2025 ikapata tuzo ya Oscar, ikizishinda filimu za makampuni makubwa. Paka na wanyama wenzake wamo katika mashua, maji yamefunika nchi, wala hakuna anayesema neno. Umeme na siku za wachoraji zinalipiwa bado, na umeme kwetu twaujua ulivyo. Lakini Blender yenyewe, kijana wa Bukavu au wa Lubumbashi aweza kuipata leo bila kutoa hata faranga moja.