Mjane wa Kuigiza, Mtalaka wa Kweli

Mama mdogo hapendi filamu za Wazungu. Husema watu wake wanaongea sana na hawapiki. Lakini alipokuja Nairobi kwa kliniki ya presha na kulala kwangu siku nne, tuliketi jioni moja tukatazama Being the Ricardos kwenye laptopu yangu, mimi nikimtafsiria. Ilipoisha, maandishi machache yakapita kwenye skrini kutuarifu kwamba wawili wale waliachana. Mama mdogo akanigeukia.

"Basi? Ndio imeisha?"

Nikamwambia ndio.

"Na huyo mwanamke, baada ya kuachwa, alikula nini?"

Nimeandika tahakiki nyingi za filamu. Sidhani nimewahi kuuliza swali zuri kama hilo.

Filamu hiyo ya mwaka 2021, iliyoandikwa na kuongozwa na Aaron Sorkin, inamhusu Lucille Ball na mumewe Desi Arnaz, mwanamuziki aliyezaliwa Cuba. Ndio waliokuwa nyota wa I Love Lucy, kichekesho kilichoanza kuonyeshwa na CBS Oktoba 1951. Sorkin amebana mengi katika wiki moja: ujauzito wa Lucille, tuhuma kwamba ni mkomunisti, na gazeti la udaku linalodai mumewe anatoka nje ya ndoa. Kihistoria, ujauzito huo ulikuwa wa 1952, tuhuma zikaja Septemba 1953, na gazeti la Confidential likatoa habari yake Januari 1955. Hilo halinisumbui. Msanii ana ruhusa ya kukunja wakati.

Kinachonisumbua ni pale alipoamua kusimama. Filamu nzima inapanda kuelekea swali moja tu: je, Desi ana wanawake wengine? Lucille anatoa kitambaa chenye alama ya rangi ya midomo isiyo yake, Desi anakiri, na hapo hadithi imeshiba. Eti maisha ya mwanamke ni safari ya kwenda kugundua hawara. Akishamgundua, tuzime taa twende nyumbani.

Tuseme ukweli, faragha ya wawili hawa ilikuwa sokoni tangu mwanzo, na waliipeleka wenyewe. Kwenye runinga, Lucille alikuwa Lucy, mke wa kiongozi wa bendi kutoka Cuba. Aliposhika mimba, Lucy naye akashika mimba. CBS ilikataza neno lenyewe lisitamkwe, ikabidi isemwe tu kwamba "anatarajia". Sisi tunaosema "mja mzito" ili tusitaje mimba mbele ya wakwe hatuna haki ya kuwacheka. Mnamo Januari 19, 1953, Lucille alijifungua mvulana kwa upasuaji, na usiku huohuo Lucy akajifungua mvulana kwenye runinga, Wamarekani wapatao milioni 44 wakitazama. Watu wakiingizwa hadi chumba cha uzazi, ni vigumu baadaye kuwaambia wabaki sebuleni.

Kisha ikaja Machi 1960. Walirekodi kipindi chao cha mwisho pamoja, wakabusiana mbele ya kamera kama ilivyoandikwa, na kesho yake Lucille akapeleka ombi la talaka mahakamani. Mei ndoa ikavunjwa rasmi. Ilikuwa imedumu chini ya miaka ishirini.

Hapo ndipo hadithi ninayoitaka mimi inapoanza.

Oktoba 1962 Lucille alirudi kwenye runinga na The Lucy Show. Kipindi hicho kilitokana na kitabu cha Irene Kampen kuhusu wanawake wawili waliotalikiwa wanaoishi nyumba moja na watoto wao. Lakini kwenye skrini, Lucy akageuzwa mjane. Aliyebaki mtalaka ni rafiki yake, Viv, aliyeigizwa na Vivian Vance. Yaani mwanamke aliyeachana na mumewe huku taifa zima likitazama, akirudi kuchekesha, ilibidi kwanza mume wake wa kubuni azikwe.

Msomaji wa Kiswahili anaielewa hila hii bila kuelezwa. Lugha yetu ina mjane na ina mtalaka, na maneno haya mawili hayapokelewi kwa mikono ileile. Mjane huletewa unga na sukari. Mtalaka huletewa maswali. Mjane amepatwa, mtalaka "alifanya nini?" Wazalishaji wa Hollywood hawakuhitaji Kiswahili kuijua hesabu hiyo. Walijua watazamaji wangemcheka mjane kwa upendo, ila mtalaka wangemkagua kwanza.

Na ajabu ni hii: wakati kwenye skrini anaigiza mjane asiyeweza kusimamia hata akaunti yake ya benki, mwishoni mwa mwaka huohuo Lucille alinunua hisa za Desi katika Desilu, kampuni waliyoianzisha pamoja, akawa mkuu wake. Hakuna mwanamke aliyekuwa ameongoza studio kubwa ya televisheni Hollywood kabla yake. Chini yake, Desilu ilitengeneza Star Trek na Mission: Impossible, vyote vilivyoanza kuonyeshwa 1966. Kipindi cha majaribio cha Star Trek kilikataliwa na NBC, kikatengenezwa kingine, na gharama ziliwatisha wakubwa wa kampuni. Bosi aliruhusu kazi iendelee. Mwaka 1967 aliiuza kampuni kwa dola milioni 17.

Kwa hiyo, mama mdogo, alikula jasho lake.

Alikuwa pia ameolewa tena, 1961, na mchekeshaji Gary Morton, na ndoa hiyo ikadumu mpaka Lucille alipofariki Aprili 1989. Miaka ishirini na saba. Waulize mashabiki mume wa Lucy alikuwa nani, uone wangapi watamtaja huyo.

Sitaki kumfanya Desi shetani. Hata filamu ya hali halisi ya Amy Poehler, Lucy and Desi ya 2022, inaonyesha vizuri kwamba mapenzi yao hayakufa pamoja na ndoa. Desi alifariki Desemba 2, 1986. Siku chache baadaye Lucille alitunukiwa heshima katika Kennedy Center, na maneno ambayo Desi alikuwa amemwandikia yakasomwa ukumbini. Machozi yake pale ni ya kweli. Lakini tazama hata jina la filamu hiyo lilivyowekwa: miaka 62 baada ya talaka, na zaidi ya thelathini baada ya kifo, bado hatumruhusu asimame kwenye kichwa cha habari peke yake.

Desi alieleza upande wake katika kitabu mwaka 1976. Lucille naye alikuwa ameandika maisha yake mapema miaka ya sitini, kidonda kikiwa kibichi, kisha akayaweka kando. Maandishi yale yalipatikana baada ya kifo chake, yakachapishwa 1996 kwa jina Love, Lucy. Mwanamke aliyeuza tumbo lake la uzazi kwa watazamaji milioni 44 aliamua kwamba hiki hakiuzwi. Mimi hiyo ndiyo naiita faragha: kuwa na uwezo wa kufunga droo mwenyewe.

Nilimweleza mama mdogo haya yote usiku ule. Yeye aliachwa mwaka 1991 akiwa na watoto watatu. Amewasomesha wote kwa cherehani, akishona sare za shule, na leo ana mafundi wanne chini yake. Lakini kwenye harusi za ukoo, mshereheshaji akifika kwake humtambulisha kama "aliyekuwa mke wa mwalimu". Yeye huinuka, hupunga mkono, huketi.

Alinisikiliza mpaka nikafika kwenye zile dola milioni 17. Akacheka sana, akajifuta macho kwa ncha ya leso.

"Sasa hiyo ndiyo ungeniwekea, mwanangu. Siyo hii ya vitambaa."