Kiwanda Kisichoonekana Jukwaani: Mji wa Limuru katika Nitaolewa Nikipenda

Tamthilia ya Nitaolewa Nikipenda husomwa mara nyingi kama tamthilia ya ardhi. Mwanafunzi hueleza vizuri jinsi Kiguunda anavyoshawishiwa kufunga ndoa ya kanisani, anavyoiweka rehani hati ya ekari yake moja na nusu, na anavyonyang'anywa; kisha anafunga daftari. Makala haya yanadai kwamba usomaji huo unaacha nusu ya kazi hiyo nje. Hii ni habari ya mji mdogo wa viwanda na watu wake, na msomaji asiyeujua mji huo atashindwa kuelewa kwa nini Gicaamba, jirani wa Kiguunda na mfanyakazi wa kiwandani, amepewa maneno mengi kiasi kile.

Mji wenyewe ni Limuru, kwenye nyanda za juu kaskazini-magharibi ya Nairobi, penye baridi, reli na mashamba ya chai. Walowezi walitwaa ardhi. Baadaye kikaja kiwanda cha viatu cha Bata, kampuni iliyozaliwa Zlín katika nchi ya Wacheki. Kijiji cha Kamiriithu nacho hakikuota chenyewe. Serikali ya kikoloni ilikianzisha miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, ili kuwatenga wananchi na wapiganaji wa Mau Mau waliokuwa msituni. Baada ya uhuru wa 1963 watu wakabaki palepale, sasa wakiwa nguvukazi ya karibu na ya bei rahisi. Katika kitabu chake Decolonising the Mind (1986), Ngũgĩ wa Thiong'o anawataja wakazi hao kwa kazi zao: watu wa viatu, wa mabomba ya plastiki, wa viwanda vidogo vya chumvi, wa mashine za mbao na za kusaga mahindi, wa karakana za magari na baiskeli, na vibarua wa chai.

Hao ndio waliokutana katika kituo cha elimu na utamaduni cha Kamiriithu kuanzia mwaka 1976. Ngũgĩ wa Mirii alikuwa akiongoza kisomo cha watu wazima. Mswada ulioandikwa na Ngũgĩ hao wawili ulisomwa mbele ya wanakijiji, nao wakausahihisha: wazee walirekebisha lugha na taratibu za nyimbo, wafanyakazi wakaeleza mambo ya kiwandani jinsi yalivyo. Maonyesho yalianza tarehe 2 Oktoba 1977 kwa Kigikuyu, katika ukumbi wa wazi waliojijengea wenyewe. Serikali iliyapiga marufuku tarehe 16 Novemba, na Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa tarehe 31 Desemba mwaka huohuo. Mwezi Machi 1982 ukumbi ulibomolewa. Tafsiri ya Kiswahili ya Clement M. Kabugi ilitoka Nairobi mwaka huohuo wa 1982, kwa hiyo tulipokea maandishi wakati jukwaa lake likiwa kifusi.

Sasa tutazame jambo ambalo wahakiki wengi wamelipita haraka. Katika tamthilia yote kiwanda hakionekani. Mara nyingi tunakaa nyumbani kwa Kiguunda, na kiwanda tunakisikia kinywani mwa Gicaamba: zamu zake, uchovu wake, mshahara usiotosha hadi mwisho wa mwezi. Mwenye kiwanda naye haonekani. Ahab Kioi si mwenye mali hasa. Yeye ni mshirika na mtu wa kati, mwenye kanisa mkono mmoja na benki mkono wa pili, anayewatafutia wageni mahali pa kujenga kiwanda cha dawa za kuulia wadudu. Wapo waliosema huu ni udhaifu wa kisanaa. Mimi naona ndiyo sehemu iliyo kweli kuliko zote. Katika mji mdogo wa viwanda mfanyakazi huijua mashine yake, humjua msimamizi, na bosi mwenyewe humsikia tu. Nani Limuru aliwahi kupeana mkono na mtu wa Zlín?

Udhaifu upo, lakini uko kwingine. Kwanza ni majina: kumwita tajiri Ahab na mkewe Jezebel ni kutoa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa. Pili, na kubwa zaidi, ni Gathoni. Binti huyu anadanganywa na John Muhuuni, anatupwa akiwa na mimba, na anaishia kazi ya baa. Baba anapata hotuba za Gicaamba za kumzindua. Binti hapati mtu wa kumfafanulia kazi yake kama kazi. Baa katika mji wa viwanda ni mahali ambapo mshahara wa kiwandani hurudi kwa tajiri kupitia glasi, na Gathoni ndiye anayeibeba glasi hiyo. Waandishi walikuwa na nafasi ya kuyaunganisha mambo hayo kupitia kwake. Hawakuitumia.

Kwetu hapa Nyundo suala hili si la mbali. Kiwanda cha chai cha Pfunda kipo, na ukishuka ziwani unafika kwenye kiwanda cha bia cha Bralirwa, kampuni iliyoanzishwa Gisenyi mwaka 1957, ambayo hisa zake nyingi leo ni za Heineken ya Uholanzi. Mto Sebeya ulifurika Mei 2023 na kuvunja nyumba za watu haohao. Mji wenye habari kama hizi unastahili tamthilia. Hata hivyo tusijidanganye kuhusu lugha. Watu wa Kamiriithu walifanya tamthilia yao kwa Kigikuyu kwa sababu ndiyo lugha waliyoweza kuisahihisha. Mchuma chai wa Pfunda angesahihisha mswada kwa Kinyarwanda. Kiswahili chetu ni cha mpakani, sokoni na kwenye maboti, tena ni lugha rasmi ya nchi tangu 2017, lakini hilo halikigeuzi kuwa lugha ya kila shamba. Mwalimu wa Kiswahili anayetaka kuiga Kamiriithu aanze kwa kutambua hilo.

Pa kuanzia darasani pangekuwa pale Kiguunda anapozungumzia kazi yake. Neno "kibarua" analijua kila mwanafunzi aliyepita sekondari. Lakini Rubavu mtu anayekwenda kutafuta kazi ya siku moja husema anatafuta "kiraka", neno linalotumika pia katika Kinyarwanda, ilhali kwa msemaji wa Kiswahili sanifu kiraka ni kitambaa cha kuzibia nguo iliyochanika. Waulizwe wanafunzi ni lipi kati ya maneno hayo mawili linaloeleza vizuri zaidi siku ya Kiguunda, na kwa nini. Kisha watumwe kwenda kumwuliza mtu anayeifanya kazi hiyo.