Mizani ya Mtunga Sinema

Katika kazi za ustadi ambazo watu hawazipi sifa zinazostahili, mojawapo ni ile ya kuitwaa riwaya nene na kuigeuza sinema ya saa mbili. Maana mwandishi wa kitabu ana wasaa wa kueleza nia za watu wake kurasa baada ya kurasa, ilhali mtunga sinema hana ila sura, sauti na kimya, tena hana budi kuamua lipi la kutupa.

Sisi wa Nyeri, tuliokaa baina ya Kirinyaga na Nyandarua, tuna sababu ya kulitafakari jambo hili kwa Something of Value, riwaya ya Mmarekani Robert Ruark ya mwaka 1955 juu ya vita vya Mau Mau, ambayo Richard Brooks aliitungia sinema iliyotoka mwaka 1957, mwaka ule ule aliponyongwa Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, aliyekamatwa karibu na mji wetu na kuhukumiwa papa hapa. Kitabu kimeandikwa kwa jicho la mlowezi, hata msomaji wa kwetu hushikwa na ghadhabu kabla hajafika katikati. Brooks hakuiponya ila hiyo yote. Katika sinema yake pia huzuni ya walowezi imepewa nafasi kubwa kupita haki yake. Walakini alipepeta, na punje alizozibakiza ni nzito.

Katika sinema hiyo Kimani, kijana Mkikuyu, na Peter, mtoto wa mlowezi, wamekua pamoja mfano wa ndugu. Siku moja shemeji yake Peter anamzaba Kimani kofi, na Kimani hana haki ya kulilipa, kwa sababu ya rangi yake tu. Sidney Poitier, anayemwigiza Kimani, analipokea kofi hilo kwa namna ambayo mtazamaji hahitaji tena kuhutubiwa juu ya chanzo cha vita. Baadaye Kimani akubalipo kutoka msituni na watu wake kwa ahadi ya amani, mlowezi mmoja anawahini kwa risasi, na hapo kisasi, ambacho serikali ya wakati ule ilikiita ushenzi, kinapata sababu inayoeleweka na kila mwenye moyo. Huo ndio ustadi ninaousifu.

Basi nawasihi vijana wa Nyeri, Karatina na Nanyuki wanaojifunza kazi ya kamera: ichukueni A Grain of Wheat, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, ya mwaka 1967, mumtazame Mugo aliyemsaliti Kihika na kuja kuungama hadharani siku ya uhuru, mkaitungie sinema wenyewe.