Vuta-Sukuma ya Mbita: Kiwavi Alibanwa, Ng'ombe Akashiba

Mwaka 1987, watafiti wa Australia waliokuwa wakisumbuliwa na viwavi wa vitumba vya pamba walipendekeza jambo jipya. Badala ya kumkimbiza nondo kwa dawa kila msimu, mfukuze kwenye zao kwa kitu asichokipenda, na wakati huohuo mwekee pembeni kitu anachokipenda zaidi. Ndiyo mbinu tunayoiita vuta-sukuma. Ilibuniwa kwa ajili ya pamba, lakini ilipata miguu mbali sana na Australia, huko Mbita, kaunti ya Homa Bay, ufuoni mwa Ziwa Victoria, na zao lililofaidika likawa mahindi.

Kaunti za ziwa, kuanzia Kisumu hadi Busia, sasa zinahimizwa kurudi kwenye pamba. Kabla hatujawaambia wakulima wanunue mbegu hii au dawa ile, inafaa tuelewe kwa makini kilichofanyika Mbita na kwa nini kilishika.

Adui wa kwanza alikuwa bungua wa mabua. Huku kwetu wako hasa wawili: Busseola fusca, mzawa wa Afrika, na Chilo partellus, aliyetoka Asia. Nondo jike hutaga usiku. Kiwavi akianguliwa hula majani kwa siku chache, kisha hutoboa bua na kujifungia ndani. Akishaingia humo, dawa inayopulizwa juu ya majani haimfikii tena, na mara nyingi mkulima huona dalili wakati huo, pesa ya dawa ikiwa tayari haina kazi. Adui wa pili hakuwa mdudu. Ni striga, gugu la maua ya zambarau ambalo Wajaluo huliita kayongo. Hung'ang'ania mizizi ya mahindi, mtama au wimbi na kuinyonya. Mche mmoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu, nazo huweza kulala udongoni zaidi ya miaka 10 zikingoja.

Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, kilichoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kina kampasi Mbita inayobeba jina lake. Hapo ndipo, katika miaka ya 1990, timu ya Zeyaur Khan ikishirikiana na John Pickett wa Rothamsted, Uingereza, ilipoanza kuchunguza mamia ya mimea, mingi ikiwa nyasi za porini ambazo bungua aliishi nazo kabla ya mahindi kufika Afrika. Walitafuta mmea ambao nondo anaukimbilia na mwingine anaoukwepa.

Wa kuvuta ukawa napia, nyasi ya kulisha ng'ombe. Giza linapoingia, saa ile nondo anapotafuta pa kutagia, napia huachilia harufu zake kwa wingi, takriban mara 100 ya kiwango cha mchana, na kuyashinda mahindi. Nondo huifuata harufu na kutaga hapo. Viwavi wakianza kutoboa shina hukutana na utomvu unaonata, na wengi wao hawafiki utu uzima. Mkulima anayapa mahindi yake ukingo wa nyasi unaovuta mayai na kuua watoto.

Wa kusukuma ulichukua muda zaidi, na hapa ndipo penye somo kubwa. Mmea wa kwanza kufaulu ulikuwa nyasi iitwayo Melinis minutiflora. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1997 katika jarida la Nature: ikipandwa katikati ya mahindi, ilipunguza mashambulizi ya bungua na kuongeza idadi ya viwavi waliotagiwa na nyigu mdogo, Cotesia sesamiae. Nyigu huyu hutaga ndani ya mwili wa kiwavi, na watoto wake humla kutoka ndani. Harufu ile iliyomfukuza nondo ndiyo iliyomwita nyigu. Kisayansi, kazi ilikuwa imekwisha.

Haikuishia hapo. Watafiti walijaribu pia desmodiamu, jamii ya kunde inayotambaa, ambayo ni lishe nzuri ya mifugo na huongeza naitrojeni udongoni. Kwenye vipande vya majaribio vya Mbita wakaona kitu ambacho hawakukipangia: palipo na desmodiamu, kayongo ilikuwa ikitoweka. Uchunguzi wa mizizi ulieleza sababu. Desmodiamu hutoa udongoni kemikali zinazoamsha mbegu za striga ziote, na nyingine zinazozuia kizizi chake kisikue na kuyafikia mahindi. Mbegu huota, hukosa pa kushika, hufa. Msimu baada ya msimu, akiba ya mbegu iliyozikwa ardhini hupungua.

Naamini vuta-sukuma ilipona hapo. Mkulima wa Suba au Rachuonyo hakuwa na sababu ya kutunza mmea wa harufu kwa miaka mingi ili tu kumkera nondo. Alikuwa na kila sababu ya kutunza mmea unaomwondolea kayongo, unaolisha ng'ombe na kurutubisha shamba. Kila mmea ulifaulu mitihani miwili, wa mdudu na wa mwenye shamba. Teknolojia nyingi za kilimo zinazotufikia hufanya ule wa kwanza peke yake.

Upandaji wenyewe unahitaji nidhamu. Kipande kisizidi mita 50 kwa 50, ili harufu za ukingoni zifike katikati. Mistari mitatu ya napia huzunguka shamba, na desmodiamu hupandwa kati ya kila mistari miwili ya mahindi. Mbegu zake ni ndogo mno, hivyo huchanganywa na mchanga kabla ya kumwagwa kwenye mfereji. Msimu wa kwanza ndio mgumu, kwa kuwa mche mchanga wa desmodiamu hufanana na magugu na jembe la haraka huung'oa. Palizi ya wiki ya tatu na ile ya wiki ya tano au ya sita haziwezi kurukwa. Napia hukatwa kuanzia mstari wa ndani, ili wa nje uendelee kuvuta nondo. Miaka inayofuata kazi hupungua, maana desmodiamu na napia hubaki shambani.

Matatizo yalikuja. Ugonjwa wa kudumaza napia ulienea magharibi mwa Kenya, na ukame ukawaelemea wakulima wa maeneo makavu. ICIPE ikaleta toleo jingine lenye nyasi ya brakiaria aina ya Mulato II na desmodiamu ya majani ya kijani inayovumilia ukavu. Viwavijeshi vamizi walipoingia Kenya mwaka 2017, mashamba hayo yalikuwa tayari yamesimama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliohusisha wakulima 250 wa Kenya, Uganda na Tanzania, ulikuta viwavi kwa kila mche wamepungua kwa asilimia 82.7 na mavuno yamefika mara 2.7 ya yale ya mahindi yaliyopandwa peke yake.

Maelezo ya kisayansi yenyewe yamepingwa, na ni vizuri. Mwaka 2024 watafiti waliohusiana na Chuo Kikuu cha Sayansi za Kilimo cha Sweden walidai kwamba desmodiamu haimfukuzi nondo wa viwavijeshi kwa harufu kama tulivyofundishwa. Wao waliona vinyweleo vyake vikinasa viwavi, kuwatoboa na kuwaua. Mjadala unaendelea. Shambani tofauti ina uzito: kama kazi inafanywa na vinyweleo, basi aina ya desmodiamu na ukaribu wake na shina ni muhimu kuliko tulivyodhani.

Sasa pamba. Desemba 2019 Baraza la Mawaziri la Kenya liliidhinisha pamba ya Bt, ambayo hutengeneza protini za bakteria zinazotoboa utumbo wa kiwavi wa vitumba. Hufanya kazi, lakini haimgusi kidukari, chawa jani wala kangambili, kwa sababu hao hufyonza na wala hawadhuriwi na protini hizo. India iliitegemea kwa muongo mmoja na zaidi, na funza wa waridi, mmoja wa viwavi wa vitumba, akajifunza kuishi nayo. Kwa hiyo mbegu hiyo ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni mpangilio wa shamba: mimea ya pembeni ya kuvuta nondo, makazi ya nyigu na sisimizi, na ukaguzi wa shamba kabla ya kushika bomba la dawa. Nchini Australia mbaazi hupandwa kando ya pamba ya Bt ili nondo wasiozoea protini wazaliane humo na kuchelewesha usugu. Mbaazi tunayo, na inaliwa nyumbani.

Ombi langu kwa serikali za kaunti za Kisumu, Homa Bay, Siaya, Migori na Busia ni hili. Mbegu ya desmodiamu ni ghali na haipatikani kwa urahisi madukani; zigharimieni bustani za kuzalisha vipandikizi katika kila wadi, kwa kuwa mmea huu hukubali kupandwa kwa matawi. Na mnapogawa mbegu ya pamba, mpelekeni pamoja nayo afisa wa ugani atakayerudi shambani wiki ya tatu na ya sita.